Mtoto na Mvukuto: Safari ya Nyamyumba

Ukiamka Gisenyi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, usitarajie usafiri wala chai ya mgahawani. Ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ambayo sheria ya Rwanda inamtaka kila mwenye miaka 18 hadi 65 na nguvu zake ajitokeze. Maduka yamefungwa, pikipiki zimeegeshwa, na barabarani watu wanapanda mlima na vifaa begani: majembe, sururu, makoleo ya mchanga, na yale mapanga ya ncha iliyopinda ambayo Wanyarwanda huyaita imihoro. Mpaka saa tano hivi mji haufanyi biashara. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni nikatazama majembe yakipita. Mengi yalikuwa ya kiwandani, yamefanana kama mapacha. Lakini mara mojamoja lilipita jembe lenye mgongo mnene na makovu ya nyundo, jembe lililotoka mikononi mwa mhunzi.

Makovu kama hayo ndiyo yaliyonivusha mpaka. Mimi ni mtu wa Kagera, Tanzania, na kwetu chuma kiliyeyushwa kwa udongo na makaa karne nyingi kabla Mjerumani wa kwanza hajatia mguu. Hata hivyo nimekua bila kumwona mhunzi kazini. Rika langu tulikikuta chuma dukani, kimeshapakwa rangi. Kwa hiyo niliposikia kwamba Nyamyumba, kusini kidogo ya Gisenyi, yupo mhunzi mzee anayewafungulia watoto karakana yake likizo ndefu inapofika, na kwamba watoto hao wanashika kazi kwa mikono yao, nilitaka kuona jambo hilo linawezekanaje. Moto, nyundo na mtoto wa miaka saba chini ya paa moja ni mambo ya kumkosesha mzazi usingizi.

Umuganda ulipokwisha, pikipiki zilirudi barabarani kwa mkupuo. Dereva wangu alinikabidhi kofia ngumu kabla hata hatujaelewana nauli. Rwanda pikipiki hubeba abiria mmoja, na kofia ni mbili, yake na yako. Hilo halina mjadala. Niliikumbuka kofia ile baadaye karakanani, maana niliyoyaona huko yalisimama juu ya msingi huohuo: kinga huvaliwa kabla ya safari kuanza, na hakuna anayemwona mwenzake mwoga kwa kuivaa.

Barabara ya Nyamyumba inafuata ukingo wa Ziwa Kivu, maji yakiwa mkono wa kulia na migomba mkono wa kushoto, imepanda mlima mpaka shingo inachoka kuiangalia. Rubona, mitumbwi ya wavuvi wa sambaza ilikuwa imetulia mitatumitatu, imeungwa kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma, ikingoja jioni. Samaki hao wenyewe ni wahamiaji: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hatua chache mbele kinaonekana kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanza mwaka 1957, ambacho katika miaka ya 1960 kilianza kuchemshia mitambo yake kwa gesi ya methani iliyovutwa kutoka kilindi cha ziwa. Nyuma yako, kaskazini, upande wa pili wa mpaka wa Kongo, umesimama Nyiragongo, mlima uliomwaga moto wake hadi Goma tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Hapa moto uko kila upande, juu ya mlima na chini ya maji.

Na uko pia kwenye chemchemi. Nyamyumba inajulikana kwa amashyuza, chemchemi za maji ya moto zinazotoka kando ya ziwa. Watu huja kukanda viungo vinavyouma, na wengine huchemsha humo viazi na mayai. Nilisimama pale kwa muda nikiwatazama watoto wa kijiji. Walijua pa kuogelea na pa kutumbukiza viazi tu, na mdogo alipokosea njia mkubwa alimvuta mkono bila kupiga kelele. Hakuna uzio mahali pale. Watoto hawa wamelelewa karibu na joto linaloweza kuwababua, na kinachowalinda ni maarifa waliyopewa mapema na wakubwa waliokuwa wamesimama kando yao.

Karakana ya mzee iko juu ya barabara, baada ya kupanda kijia cha shamba la maharage. Ni banda la paa la mabati, wazi pande tatu. Uwazi huo una sababu: makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na chumba kilichofungwa kinaweza kumlaza mtu moja kwa moja. Katikati ya banda kuna shimo la moto lisilo kubwa kuliko beseni. Kando yake imezikwa ekseli ya lori, ikabaki kichwa tu, na kichwa hicho ndicho fuawe. Ukutani zimetundikwa nyundo, makoleo ya midomo ya kila umbo, tupa na patasi. Nyuma kuna lundo la springi za malori, chuma ambacho wahunzi wa Maziwa Makuu wanakipenda kuliko kingine, kwa kuwa kina ugumu unaofaa makali na kinapatikana kila mahali ambapo barabara ni mbovu.

Mzee alinipokea kwa Kiswahili cha upande ule, Kiswahili kilicholala Goma na kuamka Gisenyi. Bungeni Kigali lugha hii ilipewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Hapa mpakani ilikuwa imeshajipa hadhi hiyo yenyewe sokoni. Aliniomba radhi kwamba hana muda mwingi. Ulikuwa mwisho wa Agosti, na mvua za Septemba ndizo zinazofungua msimu wa kupanda, kwa hiyo majembe yaliyochakaa yalikuwa yamepanga foleni mlangoni yakingoja kuongezwa midomo mipya. Alifanya kazi huku akizungumza, nami nikajifunza kuuliza kati ya pigo na pigo.

Alikuwa na mivukuto miwili. Mmoja ni wa kisasa cha kijijini: feni ndogo inayozungushwa na gurudumu la baiskeli. Mwingine ni wa asili, umuvuba: gogo lililochongwa mabakuli mawili, yakafunikwa ngozi ya mbuzi iliyolegezwa, na kila ngozi ikafungwa kijiti kirefu cha kuipandisha na kuishusha. Hewa inapita kwenye mdomo wa udongo na kuingia motoni. Nilidhani huo wa ngozi ni pambo la kuwaonyesha wageni. La hasha. Wa baiskeli ni wa kazi yake, wa ngozi ni wa watoto. Feni haina huruma, alisema. Mtoto akiizungusha kwa furaha, moto unapanda, cheche zinaruka na chuma kinaungua. Ngozi inapumua kadiri mtoto anavyosukuma na si zaidi ya hapo, naye akichoka moto unatulia wenyewe.

Nilianza kuelewa kwamba usalama wa mahali hapa haukuletwa na mgeni mwenye orodha ya masharti. Ulikuwamo ndani ya kazi tangu zamani. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki uhunzi ulirithishwa ndani ya ukoo, na mwana wa mhunzi hakuanza na nyundo. Alianza na mvukuto. Mwenye kuvukuta anakaa nyuma ya moto, umbali wa kijiti, mikono yake imeshughulika na macho yake hayana pa kwenda ila kwenye chuma. Hapo anajifunza rangi za joto, mwendo wa nyundo na subira ya bwana wake, miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kugusa koleo. Kiti cha mvukuto kilikuwa darasa la kwanza.

Alasiri watoto walifika, kumi na kitu, wavulana na wasichana, pamoja na mwalimu wa shule ya msingi ya jirani na wazazi wachache. "Mwiriwe, sogokuru," walisalimu kwa pamoja, yaani walimwita babu, naye akawaitikia bila kuacha tupa yake. Kisha ukaguzi ukaanza. Mwalimu alipita mbele ya kila mtoto. Mwenye kandambili alivalishwa viatu vya kufunika vidole kutoka kwenye gunia lililoletwa makusudi. Mwenye shati la nailoni alipewa la pamba alivae juu au badala yake, kwa sababu cheche ikitua kwenye pamba hutoboa tundu dogo, lakini nailoni huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Nywele ndefu zilifungwa, kanga na skafu zilizoning'inia ziliondolewa, na kila mtoto akapewa miwani ya plastiki. Hapo ndipo mzee aliponyanyuka, akachota majivu kwa mkono, akachora mstari sakafuni mbele ya moto, kutoka nguzo hadi nguzo.

Sheria ya mstari ni fupi. Nyuma yake unacheka, unauliza, unasukumana. Kuuvuka unavuka mmoja, umeitwa kwa jina, na mkubwa yuko ubavuni mwako. Kando ya mstari kulikuwa na ndoo mbili za maji safi na jagi. Mwalimu aliwaeleza kazi yake mapema, kabla ya mtu yeyote kuungua: palipoungua pamiminiwe maji ya baridi ya kawaida, taratibu, kwa dakika 20, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi na mtoto apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta, asali na unga wa ngano havigusi kidonda cha moto. Niliona wazazi wawili wakitazamana, na nadhani nyumbani kwao dawa ya meno ndiyo iliyokuwa tabibu.

Kazi ya kwanza haikuwa na moto kabisa. Kila mtoto alipewa kipande cha udongo wa mfinyanzi chenye urefu wa kiganja, nyundo ya mti na ubao. Wahunzi wa sehemu nyingi duniani hutumia udongo kufundishia, kwani chuma cha moto na udongo mbichi vina tabia moja: ukivigonga upande vinarefuka, ukivigonga kichwani vinanenepa, na vyote viwili vinapasuka ukivilazimisha vikiwa vimeshapoteza ulaini. Mzee aliwaamuru watengeneze ncha. Wengi waligonga upande mmoja tu, na udongo ukalala chini ukiwa bapa. Aliwaonyesha siri: gonga, zungusha robo, gonga, zungusha robo. Baada ya muda mfupi banda zima lilikuwa na mdundo mmoja, na misumari ya udongo ikapangwa kwenye majani ya mgomba. Msichana mmoja wa miaka minane hivi alikunja ncha ya wake akapata ndoana. Mzee aliichukua, akaiinua juu wote waione, na hakusema neno.

Kisha wadogo wakaitwa kwenye mvukuto. Wawiliwawili walikaa kila mmoja na kijiti chake, wakabadilishana, mkono huu juu ule chini. Moto ulianza kupumua. Wa kwanza walisukuma kwa fujo, majivu yakaruka. Mzee aliwaanzishia wimbo wa kazi wa Kinyarwanda, wa polepole, na fujo ikawa mwendo. Wavuvi wa Rubona nao huimba wakipiga makasia usiku, na watoto hawa wengi ni wa wavuvi. Mikono yao ilielewa upesi.

Nilimtazama zaidi yule msichana wa ndoana, aliyekuwa sasa kwenye kijiti cha kulia. Zamani asingekuwa hapo. Katika tamaduni nyingi za Maziwa Makuu tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma lilifananishwa na tumbo la uzazi, na mwanamke wa umri wa kuzaa aliwekwa mbali nalo wakati wa kazi. Waliokuwa kazini nao walijitenga na wake zao. Miiko hiyo ilikuwa na maana kwa walioiishi, na ilihifadhi siri za ukoo. Lakini kuyeyusha mawe kumekwisha, anachofanya mzee ni kufua chuma kilichokwisha kuyeyushwa na wengine. Nilipomuuliza kuhusu wasichana alijibu bila kunitazama, "Moto hauulizake ni mutoto wa namna gani."

Inafaa msomaji ajue uzito wa uhunzi katika nchi hii. Masimulizi ya Rwanda yanamtaja Gihanga, mfalme mwanzilishi, kama aliyeleta ufundi mwingi pamoja na uhunzi. Wanaakiolojia wamechimbua kusini mwa nchi, pande za Butare, mabaki ya matanuri ya zama za kale za chuma, yaliyojengwa kwa matofali ya udongo. Na mwaka 1969, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira, aliyetawala katika karne ya 18, lilipochimbuliwa na Francis Van Noten, chini ya kichwa cha mfalme vilikutwa vyuma viwili vya mhunzi, vya aina inayotumika kama nyundo na kama fuawe. Linganisha na Wamaasai, ambao wahunzi wao, Ilkunono, walitengwa na wengine wakaepuka kuoana nao. Chuma kilekile, mito miwili tofauti: huku mhunzi amelazwa chini ya kichwa cha mfalme, kule amewekwa nje ya boma.

Zamu ya moto ilipofika, mzee aliingiza fimbo ya chuma laini, unene wa kidole kidogo, akawaambia watazame rangi. Kwanza nyekundu iliyofifia, ambayo mchana wa jua huwezi hata kuiona, ndiyo maana banda lina kivuli. Kisha nyekundu kamili. Kisha rangi ya chungwa, na hapo nyundo inaruhusiwa. Njano ni bora zaidi kwa kazi nzito, karibu nyuzi 1,100 za Selsiasi. Ikipita hapo na kutoa cheche nyeupe kama fataki, chuma chenyewe kinaungua, na kipande hicho hakina maisha tena. Watoto walipiga kelele ya jina la rangi kila ilipobadilika.

Alikitoa, akakigonga mara chache, rangi ikafa, chuma kikawa cheusi. Akakiweka juu ya fuawe na kurudi nyuma. "Nani anaweza kukishika?" Mikono kadhaa ilinyanyuka. Hakujibu. Alichukua jani bichi la mgomba akaligusisha. Jani likalia, likatoa moshi na kutoboka. Banda likawa kimya. "Nyekundu haina shida, kila mutu anaiona," alisema. "Nyeusi njo ya kuogopa." Chuma huacha kung'aa kikiwa bado na joto la nyuzi mia kadhaa, na majeraha mengi ya karakanani yanatokana na chuma kinachoonekana kimepoa. Hakuna hotuba ya mzazi ambayo ingeweza kufanya kazi iliyofanywa na jani lile. Tangu hapo kila mtoto aliyekaribia chuma alileta kwanza mgongo wa mkono kwa mbali kusikiliza joto, kama walivyofundishwa.

Wakubwa, wa miaka kumi na mbili kwenda juu, ndio walioitwa kupiga. Mgawanyo ulikuwa wazi. Mzee anashika koleo, mzee anaweka chuma kwenye fuawe, mzee anasema "gonga." Mtoto anashika nyundo nyepesi kwa mikono miwili, hivyo hana mkono wa kuusahau mahali pabaya. Mapigo matatu au manne, anarudi nyuma ya mstari, mwingine anaitwa. Fimbo ile ilipita mikononi mwa watoto wengi ikawa kulabu ya kutundikia mtungi. Haikuwa nzuri. Ilikuwa na makovu ya kila aina, na kila mtoto alilijua lake.

Wale wa katikati, wakubwa kwa mvukuto na wadogo kwa nyundo, walikuwa na meza yao nje: waya wa alumini uliokatwa na kusuguliwa ncha kwa tupa, ambao waliukunja baridi kuwa bangili na kulabu. Mtoto wa Afrika Mashariki ambaye hajawahi kutengeneza gari la waya ni nadra, kwa hiyo meza hiyo ilijiendesha yenyewe. Wengine walisugua mipini ya majembe kwa msasa na kuipaka mafuta. Kazi hizo zilikuwa za kweli. Jembe ambalo mpini wake ulisuguliwa na mtoto wa jirani lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekaa pale kwenye gogo akilisubiri.

Onyesho lililonifurahisha kuliko yote lilihusu maji. Mzee alichukua vipande viwili vyembamba vya springi, akavipasha vyote hadi vikaiva sawa. Kimoja alikizamisha majini, kikapiga kelele; kingine alikifukia kwenye majivu kipoe taratibu. Baadaye alikifunga cha majivu kwenye jiliwa, akakivuta, kikakunjika. Cha majini alikifunga vilevile, akakifunika gunia zito ili kipande kisiruke machoni mwa mtu, akakigonga mara moja. Kilivunjika. Chuma ni kilekile, moto ni uleule, kilichotofautiana ni kasi ya kupoa. Shoka linahitaji kitu cha katikati, kwa hiyo mhunzi hulizamisha kisha hulirudishia joto kidogo hadi uso uliosuguliwa ubadilike rangi, na hapo ugumu unapungua na ustahimilivu unaongezeka. Mwalimu alikuwa akiandika. Aliniambia ataanzia hapo somo lake la sayansi shule zikifunguliwa.

Kuna kitu ambacho hakikutengenezwa mbele ya watoto siku ile, nacho ni panga. Mzee huyatengeneza ya shamba kwa wateja wake, lakini si katika saa za watoto. Hakuna anayeandika juu ya makali nchini Rwanda akajifanya hajui yaliyotendwa mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na Gisenyi haikusalimika. Sikumuuliza. Niliona tu alichochagua kuwapa: kulabu, misumari, na kengele.

Kengele ndizo zilizofunga siku. Amayugi ni vikengele vya chuma ambavyo wachezaji wa Intore huvifunga miguuni, na kila wanapokanyaga ardhi ngoma inapata sauti ya pili. Mzee alikunja bapa la chuma kwa nyundo ndogo, akatia punje ya chuma ndani, akaziba, akawapa wakitikise kilipopoa. Desemba 2024 UNESCO iliiandika Intore kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Heri. Lakini ngoma hiyo ina miguu, na miguu ina kengele, na kengele ina mhunzi. Ukiiandika ngoma ukamsahau mhunzi, utafika wakati wachezaji watanunua mlio wao kutoka kiwanda cha mbali.

Wakati wa kushuka niliwafikiria zaidi wazee wengine, wa kwetu. Katuruka, kijiji kilicho karibu na Bukoba, kinajulikana duniani kwa chuma chake cha kale. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuri na kuyeyusha mawe ya chuma, kazi iliyokuwa imekoma miongo kadhaa nyuma baada ya chuma cha Ulaya kujaa sokoni. Walijaribu, wakashindwa, wakakumbushana, wakafaulu, na mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakaandika kuhusu ufundi huo katika jarida la Science. Wazee wale waliweza kwa sababu ujanani mwao walikuwa karibu na moto. Maarifa yaliyoshangaza wasomi yalikuwa yamehifadhiwa katika mikono iliyoanza kazi mapema. Kama wangezuiwa kusogea hadi wawe watu wazima, wanasayansi wangekuta mavi ya chuma shambani na hakuna wa kuwaeleza yalifikaje pale.

Wapo watakaosema haya ni mapenzi ya kale yasiyo na faida. Jembe la kiwandani ni rahisi kulipata, na kijana anayetaka kuishi kwa chuma leo ataenda agakiriro, yale maeneo ya mafundi ambayo Rwanda imeyajenga wilayani, akajifunze kuchomelea. Ni kweli. Lakini fundi wa kuchomelea anayejua rangi ya joto na tabia ya chuma kinapopoa ni fundi bora kuliko anayejua kubonyeza swichi. Na mtoto ambaye hatakuwa fundi wa aina yoyote atakuwa amejifunza kwamba kitu anachokitumia kilitengenezwa na mtu, na kwamba kikivunjika kinatengenezeka.

Waswahili husema mwana akililia wembe mpe. Methali hiyo huwa tunaitamka kwa hasira, tukimwacha mtoto ajikate ndipo akome. Mzee wa Nyamyumba ana njia ya tatu kati ya kumnyima na kumwachia: humkabidhi ule upande wa kazi unaolingana na mikono yake, akiongeza kidogo kila mwaka. "Mutoto haumukataze moto," aliniambia nikimuaga, "unamufundisha moto."

Yeyote anayetaka kuanzisha jambo hili kwake, shuleni, kwenye makumbusho au nyuma ya nyumba, azingatie machache niliyoyaona yakifanya kazi. Anza na mhunzi anayejua kazi yake. Mchangamfu asiye na ufundi ni hatari. Banda liwe wazi. Watoto wawe wachache, na kila anayevuka mstari awe na mkubwa wake. Bati, bomba la maji na chuma chochote kilichopakwa zinki visiingie motoni kamwe, maana moshi wake unaumiza mapafu. Bomba lililozibwa pande zote mbili hulipuka. Mawe mabichi ya mtoni hupasuka. Udongo utangulie chuma, na chuma baridi kitangulie cha moto. Mlipe mhunzi muda wake, kwa sababu saa anayowapa watoto ni jembe asilolimaliza.

Nasi wenye makumbusho mazuri, Huye, Dar es Salaam na Nairobi, tuna mivukuto ndani ya makabati ya kioo, imepigwa vumbi na kuandikwa majina. Tuitoe nje mara moja kwa mwezi, tumwite mhunzi aliye hai, tuwashe moto. Wazazi, wapelekeni watoto wenu wakiwa wamevaa pamba na viatu vilivyofungwa. Wahunzi waliobaki ni wazee, na mvukuto wa ngozi hauwezi kufundishwa na picha.